Gazi haiishi kama mazuti: tulipie baridi kabla ya kugawana faida



Ofisi yetu iko Nguba, katika komuni ya Ibanda, upande wa Bukavu unaoteremka kuelekea ziwa na mpaka wa Ruzizi. Hapa kamio zinapita kila siku, na kati yao ziko chache zenye sanduku jeupe na mashine ya baridi juu ya kabini. Moja inabeba samaki, ingine maziwa. Ingine tumeiona ikibeba mifuko ya simenti. Juu gani kamio iliyonunuliwa kwa bei kali ili kubeba chakula inabeba simenti? Ukimuuliza shofere, jibu ni fupi: “Baridi ilikufa, kamio ikabaki.”

Sisi tunasema baridi haifi yenyewe. Inauliwa na mafundi wa haraka, na inauliwa na kamati zinazohesabu mazuti na pneu lakini hazihesabu mashine iliyo juu ya kabini. Maoni yetu tunayasema wazi tangu mwanzo: feza ya kutunza mashine ya baridi itoke kwanza, kilo kwa kilo, kabla ya kugawana faida hata franga moja. Na koperative isiyoweza kufanya hivyo isikubali kupewa kamio ya frigo, hata kama ni ya bure.

Tunajua neno hili halitapendeza wote. Basi tulieleze.

Baridi inatoka wapi

Mtungi wa udongo unapoza maji kwa sababu maji kidogo yanatoka nje ya udongo na kukauka, na yakikauka yanachukua joto. Mashine ya baridi inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo, ila ndani ya mabomba yaliyofungwa. Gazi inaingia katika radiata ya ndani ya sanduku ikiwa maji. Pale inachemka, na ikichemka inachukua joto la mzigo wenu. Kompresa inaivuta, inaikandamiza, inaisukuma mpaka radiata ya nje, ambako feni inalitupa joto lile katika hewa. Gazi inarudi kuwa maji, inapita kwenye valvu ndogo, inaanza tena.

Hakuna mahali katika mzunguko huo ambapo gazi inachomwa au inaliwa. Mazuti yanaisha kwa sababu yanaungua. Gazi haiungui, inazunguka tu. Kama mashine iliwekwa kilo 4 mwaka ule, leo inapaswa kuwa na kilo 4. Ikiwa zimebaki 3, kilo moja ilipita mahali, na mahali pale pako wazi mpaka leo.

Mashine za namna hii si kitu kipya. Mwaka 1938 huko Marekani, Frederick McKinley Jones, fundi Mweusi aliyejifunza kazi nyingi kwa mikono yake mwenyewe, alitengeneza mashine ya baridi iliyoweza kuvumilia mitikisiko ya kamio njiani. Kampuni aliyoianzisha pamoja na Joseph Numero ndiyo iliyokuja kuitwa Thermo King, jina mnaloliona mpaka leo kwenye masanduku mengi. Tatizo alilopigana nalo Jones ni letu pia: baridi ya nyumbani inakaa pahali pamoja, baridi ya kamio inatikiswa kutwa nzima. Kila mtikisiko unalegeza nati, unakwaruza bomba, unakula mpira. Anayechukua samaki Uvira akapitia Kamanyola na kupanda Ngomo anaijua barabara hiyo kuliko sisi. Tujiulize basi: bomba jembamba la shaba linapita barabara hiyo mara mbili kwa juma, nani amelitazama?

“Ongeza gazi” si matengenezo

Hapa ndipo feza nyingi za koperative zinapotelea. Baridi inapungua, fundi anaitwa, anakuja na chupa, anaongeza gazi, analipwa, anaenda. Juma mbili baridi ni nzuri. Juma ya sita anaitwa tena. Kamati inaandika “gazi” kwenye daftari mara nne au tano kwa mwaka, na hakuna anayeuliza gazi ile inaenda wapi.

Fundi anayestahili malipo yenu anafuata njia ingine. Kwanza anatafuta pahali inapotokea: anatazama madoa ya mafuta kwenye maungio, kwa sababu gazi ikitoka inatoka pamoja na mafuta ya kompresa, kisha anapaka maji ya sabuni na kungoja mapovu. Akipata tundu, anatoa gazi iliyobaki na kuiweka ndani ya chupa yake, haiachi iende hewani. Anaziba. Anajaza azoti kavu ili kupima kama palipozibwa panashika. Anabadilisha filta ya kukaushia. Anaweka pompi ya kunyonya hewa kwa muda mrefu mpaka unyevu wote utoke. Mwisho anaweka gazi mpya kwa mizani, kilo zile zile zilizoandikwa kwenye kibati cha mashine, wala si kwa kukisia kwa mkono kama bomba limekuwa baridi.

Kila hatua iko na sababu. Unyevu ukibaki ndani unaganda kwenye valvu na kuziba njia, na ukichanganyika na mafuta unazaa asidi inayokula kompresa polepole. Na gazi kama R404A, inayotumika katika kamio nyingi zilizotoka Ulaya, ni mchanganyiko wa gazi tatu. Inapaswa kuingizwa ikiwa maji, la sivyo mchanganyiko unaharibika.

Mambo matatu msiyakubali hata kama fundi ni ndugu yenu.

La kwanza, asipime bomba kwa oksijeni ya kuchomelea. Oksijeni yenye nguvu ikikutana na mafuta inalipuka. Kazi hiyo ni ya azoti.

La pili, asichanganye gazi. Kibati kikisema R134a, ni R134a. Kikisema R404A, ni R404A. Na gazi ya kupikia isiingie kamwe katika mashine isiyotengenezwa kwa ajili yake, kwa sababu inawaka.

La tatu, chupa ya bei rahisi isiyojulikana inatoka wapi irudi ilikotoka. Mwaka 2011 kontena za baridi za melini zililipuka kwa sababu zilikuwa zimejazwa gazi ya uongo. Chupa zilisema R134a, kumbe ndani mlikuwa na gazi ingine, R40, ambayo ikigusana na aluminiamu inatengeneza kitu kinachowaka kikikutana na hewa. Watu 3 walikufa, na walikuwa wafanyakazi kama hawa vijana wetu wa garaji.

Mlima wetu una mambo yake

Vitabu vya mashine vinaandikwa na watu wanaokaa karibu na bahari. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu moja ya sita kuliko ile ya Mombasa au Matadi. Hilo linagusa baridi kwa njia mbili.

Ya kwanza: feni ya radiata ya nje inapeperusha hewa nyepesi, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Injini ya mazuti nayo inapoteza nguvu kidogo. Kwa hiyo radiata chafu, ambayo pale chini mtu angeivumilia, hapa kwetu inaangusha mashine. Vumbi la Kabare wakati wa kiangazi linashikana na mafuta na kuwa kama simenti kati ya mapezi ya radiata. Lioshwe kwa maji ya nguvu ndogo, kutoka ndani kuelekea nje. Pompi ya nguvu ya kuoshea magari ikikaribishwa sana inalaza mapezi, na ukishayalaza umeifunga njia ya hewa wewe mwenyewe.

Ya pili inahusu fundi. Manometa ya kawaida, ikiwa mshale wake umewekwa kwenye sifuri hapa Bukavu, haitafika kwenye alama ya bari 1 chini ya sifuri hata pompi inyonye siku nzima. Mwisho wake ni karibu bari 0.85. Fundi asiyejua hilo anaweza kulaumu pompi nzima, au akasimamisha kazi kabla ya wakati akidhani amemaliza. Chombo kizuri ni kipimo cha elektroniki cha kupima utupu wenyewe. Kabla ya kumpa mtu kazi, muulizeni swali hili moja: “Unajua pompi imemaliza kazi kwa kutazama nini?” Jibu lake litawaambia mengi.

Kazi ya wanakoperative wenyewe

Si kila kitu ni cha fundi. Yako mambo ambayo shofere na mwanakamati mmoja wanaweza kufanya kabla ya kila safari, bila chombo cha bei.

Washeni mashine nusu saa kabla ya kupakia, milango ikiwa imefungwa, mtazame kama namba ya joto inashuka. Isiposhuka sanduku likiwa tupu, haitashuka likiwa na tani mbili ndani. Sikilizeni: mkanda uliolegea unalia. Tazameni madoa mapya ya mafuta. Mpira wa mlango upimwe kwa noti ya franga 500: iweke katikati, funga mlango, vuta. Ikitoka bila kushikwa, hewa ya nje nayo inaingia bila kushikwa. Mifereji ya kutolea maji chini ya sanduku isizibwe na magamba ya samaki. Radiata ya ndani ikijaa barafu, kifaa cha kuyeyusha kina ugonjwa. Na kabla ya mtu kuingia ndani, hakikisheni mlango unaweza kufunguliwa kutoka ndani. Gazi ikitoka kwa wingi katika sanduku lililofungwa, hewa ya kupumua inakosekana.

Muwe pia na termometa yenu wenyewe, ya bei ndogo, iliyowekwa katikati ya mzigo. Namba iliyo kwenye kabini inaonyesha hewa. Mnunuzi anakula samaki, hali hewa.

Halafu kuna jambo ambalo sisi waagronomu tunalisema kila mara: kamio ya frigo imetengenezwa kulinda baridi, haikutengenezwa kupoza mzigo wa moto. Maziwa ya Kabare au Walungu yapozwe kwanza mpaka digrii 4 kwenye tanki la kukusanyia, ndipo yapakiwe. Samaki wawekwe kwenye barafu tangu mtumbwini, wakae karibu na digrii 0. Nyanya zilizoiva zinapenda digrii 8 mpaka 10, za kijani digrii 13 na zaidi, na ndizi ikiwekwa chini ya 13 inageuka nyeusi. Kwa hiyo nani anaweza kupakia samaki na ndizi katika sanduku moja akategemea vyote vifike vizuri? Wala msipakie mpaka darini. Hewa baridi inahitaji njia juu, pembeni na chini ya masanduku. Mzigo ulioziba njia unaoza katikati, na lawama inaangukia mashine bure.

Mwisho, daftari. Mashine ya baridi inahesabiwa kwa masaa ya kazi, haihesabiwi kwa kilomita. Kamio iliyosimama mpakani usiku mzima haikutembea hata mita moja, lakini injini ya baridi imefanya masaa 10. Mafuta, filta na mkanda vibadilishwe kwa masaa yaliyoandikwa katika kitabu cha mashine. Kama kitabu ni cha Kiingereza au Kifaransa, mtu mmoja aandike masaa yale kwa Kiswahili na kuyabandika ndani ya mlango wa kabini. Na kila kilo ya gazi iliyoingia iandikwe na tarehe yake. Daftari likionyesha gazi imeingia mara mbili ndani ya mwaka, kamati iko na haki ya kuuliza: tundu liko wapi?

Feza itoke wapi

Tuhesabu pamoja, na kila koperative iweke namba zake. Tuseme kamio inafanya safari 2 kwa juma, kila moja kilo 2,000. Ni kilo 4,000. Tukitoa senti 2 za dola kwa kila kilo, ni dola 80 kwa juma. Kwa majuma 48 ya kazi ni dola 3,840. Feza hiyo inakaa pembeni, kwenye akaunti yenye sahihi za watu watatu, na haiguswi kwa mazuti, kwa posho ya mkutano wala kwa matanga.

Sasa tuweke upande wa pili. Mzigo mmoja wa kilo 2,000 za samaki, tuseme dola 3 kwa kilo, ni dola 6,000. Mashine ikifa mara moja katikati ya Uvira na Bukavu, safari hiyo moja imekula zaidi ya matengenezo ya mwaka mzima. Na samaki wale hawakuwa wa kamati. Walikuwa wa mama aliyekopa feza ya barafu, na wa kijana aliyevua usiku kucha. Shirika la FAO lilihesabu mwaka 2019 kwamba karibu asilimia 14 ya chakula cha dunia inapotea baada ya mavuno, kabla ya kufika dukani. Neno “asilimia” linasikika kama la watu wa mbali, lakini likiteremka mpaka kwetu ni kiloba cha mama yule.

Sheria nayo inatusaidia. Kongo iko ndani ya OHADA tangu mwaka 2012, na sheria ya OHADA ya mwaka 2010 juu ya koperative inataka faida isigawanywe yote. Sehemu iende kwenye akiba ya jumla, sehemu ingine kwenye akiba ya mafunzo. Mbona akiba hiyo ya pili tunaitumia kwa semina za siku mbili zenye soda na cheti? Ichukueni mlipie vijana wawili, msichana na mvulana, wajifunze ufundi wa baridi. Waulizeni watu wa INPP hapa Bukavu, kazi yao ni kufundisha ufundi. Tunasema wawili kwa sababu mmoja akipata kazi Goma au Kigali, mnabaki na wa pili.

Neno kwa wafadhili, na sisi tukiwa ndani

Sisi tunafanya kazi katika shirika la msaada, basi tuseme pia ya upande wetu. Mradi unaonunua kamio ya frigo na kuikabidhi kwa utepe na picha, bila vipuri, bila kitabu, bila fundi aliyefundishwa, umetoa mzigo ukauita zawadi. Tunaona miradi ijayo ifuate sharti hili: kwa kila mashine, vipuri vya miaka miwili, vyombo vya kupimia, na mafunzo kabla ya funguo.

Na koperative isione haya kuuliza maswali mbele ya zawadi. Gazi yake ni gani? Swali hilo litakuwa na uzito kila mwaka. Tarehe 15 Oktoba 2016, pale Kigali, ng'ambo tu ya Ruzizi, nchi za dunia zilikubaliana kupunguza polepole gazi za namna ya R404A, kwa sababu zinapasha dunia joto. Kilo moja ya R404A ikitoka hewani inafanya kazi ya karibu tani 4 za gazi ya kaboni. Kadiri gazi hizo zinavyotengenezwa kidogo, ndivyo zitakavyokuwa ngumu kupata. Ulaya inaachana nazo, na kamio zake za zamani zinatafuta pa kwenda. Tusikubali kuwa jalala lao kwa sababu ya rangi nyeupe ya sanduku. Vipuri vyake viko Bukavu, au angalau Kigali au Bujumbura? Prizi yake ya umeme inataka moto wa namna gani, na SNEL inautoa masaa mangapi pale mnapolaza kamio?

Kwa wanaosema baridi si ya kwetu

Wako wazee wanaosema: tuiache frigo, sambaza tulimkausha juani tangu zamani. Wana haki kwa sehemu. Sambaza aliyeletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 amelisha watu wetu akiwa mkavu, na atazidi kuwalisha. Kwa njia fupi, sanduku zuri lenye barafu safi linatosha, nalo halina kompresa ya kufa. Koperative iliyo saa moja kutoka sokoni haihitaji kamio ya frigo, na tunaiambia hivyo bila kuogopa.

Lakini kwa maziwa na samaki wabichi wa njia ndefu, baridi ndiyo inayompa mkulima nguvu ya kukataa bei mbaya. Mwenye mzigo unaooza anakubali bei yoyote kabla ya jua kupanda. Mwenye baridi anaweza kungoja mpaka kesho. Haki hiyo ya kungoja ndiyo tunayoilinda tunapopaka sabuni kwenye bomba na kuvuta noti mlangoni.

Basi kabla ya mkutano mkuu unaokuja, kila koperative yenye kamio ya frigo ilete vitu vitatu mezani: daftari la masaa, hesabu ya gazi iliyoingia mwaka huu, na akaunti ya senti mbili. Kama kimoja hakipo, kianze siku hiyo hiyo, mbele ya wanachama wote, kabla ya kusoma ukurasa wa faida.